Nekesa, Kuhusu Sehemu ya Picha Niliyoikata

Kitale,
Jumapili jioni

Nekesa mwanangu,

Kukhu ameshakuambia, kama bibi yeyote, mambo ya soksi, ya dawa ya meno na ya kutoazima kitana cha mtu. Amekuambia mara tatu, kwa hiyo mimi sitayarudia. Sanduku lako liko karibu na mlango. Umelala na viatu vyako vipya miguuni, nami nimeona nikuache navyo. Kesho baba yako atakuja kukuchukua mwende Kanduyi. Kabla hujaingia katika nyumba ya watu wanaojua jambo ambalo wewe hulijui, nataka ulisikie kutoka kwangu.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nilijaribu Alhamisi tulipokuwa tukichambua maharagwe. Nilisema, "Nekesa, unakumbuka ile harusi ya Mjomba Juma tuliyoitazama?" Ukajibu haraka, "Ile ambayo mama alipika wali?" Nikaokota kijiwe kwenye sinia, nikakiangalia kana kwamba ni kitu cha maana. Unanijua. Mbele ya watu maneno yangu hukwama, hata mbele yako wewe niliyekubeba mgongoni. Kwenye karatasi hukwama pia, lakini karatasi hainitazami usoni.

Nianze na yale unayoyajua. Mimi siye niliyekuzaa. Mama yako ni dada yangu mkubwa, Nasimiyu. Homa ya mapafu ilimchukua kabla hujatimiza miaka miwili, na mimi nilikuwa na kumi na mmoja. Baba yako alikuwa akifanya kazi ya karani Bungoma, akiishi chumba kimoja, na wewe ulikuwa bado unahitaji mtu wa kukushika usiku na mchana. Ukabaki na sisi. Kukhu alikuwa na shamba na soko, kwa hiyo mgongo uliokuwa huru ulikuwa wangu. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, na uliponiita mama hakuna mtu nyumbani aliyeshangaa. Ni shuleni tu walipocheka. "Huyu wa Form One ako na mtoto mkubwa hivi!" Nilikuwa nikiinamisha kichwa kwenye kitabu. Sikuwahi kukukana, hilo nataka ujue. Lakini pia sikuwahi kuwajibu.

Uso wa mama yako unaujua kwa ile picha ndogo iliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho. Ndani yake hacheki, kwa sababu mpiga picha alimkataza. Ndiyo maana uliniuliza mara nyingi akitembea alikuwa anatembeaje, na sauti yake ilikuwa nene au nyembamba. Nilikuwa nikijibu nilivyoweza. Siku moja nikakuambia kwamba kuna kanda ya video ya harusi ya Mjomba Juma, na mama yako yumo ndani yake. Nilimwona siku hiyo kwa macho yangu. Nikakuahidi kwamba utamwona akisogea.

Ahadi hiyo niliitoa kwa sababu nilijua nina njia ya kuitimiza. Unajua lile duka la Fundi Wanyama nyuma ya duka la mbegu, nilikokuwa nikienda Jumamosi. Yeye hupiga video za harusi na mazishi, na watu walipoanza kununua mashine za diski, walimletea kanda zao za zamani azihamishe. Alikuwa na kompyuta moja, deki mbili za kuchezea kanda, na kadi ya kunasa picha kutoka kwenye deki, iliyochomekwa ndani ya kompyuta. Kadi hiyo ilikuja na kitabu cha maelezo chenye kurasa nyingi. Fundi alikuwa akikitumia kuwekea kikombe cha chai. Mimi nilikisoma chote. Ndivyo nilivyopata kazi ile, bila kuiomba. Ningeombaje?

Nilipenda kazi ya picha mbovu kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya nje ya darasa. Picha mbovu haikuulizi kwa nini huongei. Inangoja uipate sababu. Kanda ya kwanza niliyopewa ilitoka nyeusi na nyeupe, na mwenyewe akaja akilalamika kwamba bibi harusi wake hakuvaa kijivu. Kumbe nilikuwa nimeiacha programu ikidhani sisi tunatumia televisheni za Amerika. Kanda ya pili, pasta alisema "Amina" na midomo yake ikafunguka baadaye, kwa sababu nilifungua kamusi kwenye kompyuta ileile wakati inanasa, na mashine ikashindwa na mambo mawili ikawa inaangusha picha njiani. Kanda ya tatu, kila aliyekimbia alipata mistari kama meno ya kitana ubavuni. Kila kosa nilipolipata nililiandika kwenye daftari. Fundi Wanyama alikuwa akinicheka.

"Wewe Fula utaandikia hadi kanda barua."

Picha ikitetemeka, alikuwa akisema, "Hii kanda iko na malaria." Kisha ananionyesha dawa yake. Unaipeleka kanda mbele mpaka mwisho, halafu unairudisha nyuma yote, ili ikae sawa kwenye magurudumu yake. Unafungua deki na kusafisha vichwa vyake vinavyosoma kanda kwa spiriti na ngozi laini, polepole, usisugue juu na chini. Unazungusha kile kitufe cha kulinganisha picha, kidogo tu, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Ikikataa, unajaribu deki nyingine. Ikikataa tena, unangoja. Hilo la mwisho ndilo ambalo sikulishika.

Mjomba Juma aliniletea kanda ya harusi yake Agosti iliyopita, wakati wa likizo. Ilikuwa imekaa miaka ndani ya kabati kule Moi's Bridge, chini ya bati linalovuja, na ukingo wake wa chini ulikuwa umekunjamana kama sketi isiyopigwa pasi. Nilipoiweka kwenye deki, juu picha ilikuwa nzuri, lakini chini kulikuwa na ukanda wa theluji, zile chembe nyeupe za televisheni isiyoshika stesheni, upana wa vidole vinne vyangu, ukiruka na kuvuta picha upande. Nikafanya dawa zote. Ukanda ukapungua ukawa vidole viwili na nusu. Na pale pale ndani ya theluji vitu vilianza kuonekana, halafu vinapotea: rangi za vitambaa, kitu kama bega, kitu cheusi kinachogeuka. Nilidhani ni majani na vivuli.

Fundi Wanyama aliangalia akiwa amesimama, kamera yake tayari begani maana alikuwa anakwenda kupiga mazishi.

"Iache hiyo," akasema. "Kuna mzee Bungoma ako na deki ya kitambo, ile nzito. Inashika kanda za aina hii. Nitaiazima Jumamosi ijayo."

"Lakini ndugu yangu anakuja kesho baada ya kanisa."

"Mwambie angoje wiki moja. Si ni ndugu yako?"

Ndiyo, Nekesa, ni ndugu yangu. Tumekula sahani moja. Kilichotakiwa ni sentensi moja tu: "Ngoja wiki moja." Niliifanyia mazoezi nikiwa peke yangu pale dukani. Nikamwona Mjomba akikunja uso, nikamsikia akisema kwa sauti yake kubwa kwamba alijua tu, kazi ya mtoto ni ya mtoto. Hakuwa amesema neno. Nilimsemea mimi kichwani mwangu, kisha nikamwogopa.

Basi nikafungua ukurasa mmoja wa kile kitabu cha maelezo unaofundisha kukata kingo. Unaiambia programu iache sehemu fulani ya picha, na iliyobaki inavutwa mpaka inajaza kioo. Nikakata chini. Mwanzo nilikata ule ukanda tu, lakini mahali pengine theluji ilipanda juu zaidi, nikakata tena kidogo, kisha tena kidogo, ili isionekane popote. Nikaiacha kompyuta ikitengeneza diski. Lile faili kubwa la mwanzo, lenye picha nzima, nikalifuta, kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa na Fundi angehitaji mahali pa kuweka mazishi yake Jumatatu.

Utaniuliza, hukumwona mama yangu? Ni swali la haki. Sikumwona kwa sababu sikuitazama kanda ile. Niliikagua. Macho yangu yalikuwa kwenye mistari, na penye mistari michache nilikuwa nikikimbiza mbele. Na pia, hili ni gumu kuliandika, nilijizuia kwa makusudi nisimtafute. Nilitaka tumwone pamoja, wewe na mimi, kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimejiwekea siku hiyo kama mtu anayejiwekea kipande cha nyama pembeni mwa sahani.

Mjomba alipokuja, nilimpa diski. Akauliza, "Na hii kanda?" Nikasema, "Hiyo haina kazi tena. Kila kitu kimeingia hapa." Nilisema vizuri, bila kukwama. Huwa nashangaa kwamba kati ya sentensi zote nilizowahi kumwambia mtu mzima, hiyo ndiyo iliyotoka safi.

Baada ya wiki mbili tulikwenda Moi's Bridge wote kuitazama. Hiyo siku unaikumbuka. Ulivaa lile gauni la njano, ukakataa viti vyote ukaenda kukaa sakafuni karibu kabisa na televisheni. Picha ikawaka, safi kutoka kona hadi kona. Mama Sharon, mke wa Mjomba, alipiga makofi.

"Ai, Fula! Hii si ya Kitale! Inang'aa kama ya Nairobi!"

"Mnamwona profesa wangu?" Mjomba akasema. "Kila siku mnaniuliza kwani huyu dada yako ni bubu. Mdomo wa nini bana, na kazi ni hii?"

Watu wakacheka, wakanigeukia. Sijui kama utaelewa sasa, labda baadaye. Sikuwahi kutazamwa na watu wengi hivyo bila kutamani kujificha. Nilikaa wima. Nilitamani iendelee.

Ni Kukhu aliyeuliza, "Mbona hawa watu hawana miguu?"

"Ni televisheni yao ndogo, mama," nikasema, na wakacheka tena.

Lakini mimi pia nilikuwa nimeanza kuona. Kila kamera ilipogeukia meza ya maharusi, chini kabisa mwa kioo palipita vilele vya vitambaa vya kichwa, kimoja, viwili, vitatu, vinatokeza na kuzama. Na hapo nikakumbuka jinsi sherehe za kwetu zinavyokaa. Viti ni vya wazee, wageni na wanaume. Akina mama wenye watoto wachanga hutandikiwa mikeka pale mbele kabisa, karibu na meza, ili wanyonyeshe wakiwa wamenyoosha miguu, na watoto watambae bila kukanyagwa. Mama yako alikuwa na wewe, hujatimiza mwaka. Hakuna mahali pengine ambapo angekaa. Vile vitu vilivyokuwa vikigeuka ndani ya theluji havikuwa majani.

Diski ikaisha. Ulikuwa hujageuka hata mara moja tangu ianze. Ukageuka, ukanitafuta mimi kati ya watu wote.

"Mama, yeye alikuwa wapi?"

Ningeweza kusema, "Nilimkata." Neno moja tu, na wote pale walikuwa watu wetu. Mama Sharon alikuwa anamimina chai, Mjomba bado anatabasamu upande wangu.

"Alikuwa jikoni," nikasema. "Alikuwa anapika."

"Anapika nini?"

"Wali."

Ukafikiri kidogo. Halafu ukamwambia Mjomba, kwa heshima kabisa, "Tafadhali rudisha pale kwa wali." Naye akarudisha. Ukasogea karibu na kioo zaidi, ukatazama sahani zikipita mikononi mwa watu.

Kukhu aliniangalia. Alikuwa kwenye harusi ile, alijua mwanawe alikaa wapi. Kisha akaangalia kikombe chake.

Nilitoka nje nikisema nakwenda msalani. Wazo langu lilikuwa bado kuna kanda. Nitaichukua, nitaipeleka kwa yule mzee wa Bungoma, nitarudi na picha nzima, na ule uongo wa wali utakuwa wa wiki moja tu. Nikasikia mlio mwembamba kama wa nyuki wengi. Shamba la mtama la Mjomba liko nyuma ya choo, unalijua, na mtama ulikuwa umeanza kukomaa. Kutoka mti hadi mti, juu ya vichwa vya mtama, utepe mweusi ulikuwa umetandazwa safu kwa safu, unametameta na kulia kwa upepo.

Mama Sharon alinikuta nimesimama hapo.

"Umeona ujanja wetu? Ndege hawakanyagi hapa siku hizi. Wanaogopa ile sauti."

"Wifi, hii ni ile kanda?"

"Si ulisema haina kazi? Ndugu yako aliifungua hiyohiyo siku alitoka kwako. Ni ndefu, wacha! Imezunguka shamba yote na ingine tumepatia jirani."

"Naweza kupata kidogo?"

"Ya nini? Kitale kwenyu kuna ndege?"

Akacheka, na mimi nikacheka pia. Hata hapo sikumwambia. Nilirudi Jumatano peke yangu, nikasema nataka kipande cha kufanyia jaribio la fizikia, nikakata nilichoweza kufikia. Ilikuwa imenyeshewa. Ile rangi ya kahawia, ambayo ndiyo inayobeba picha, ilikuwa ikibaki kwenye vidole vyangu kama kutu.

Fundi Wanyama alipouona ule mpira wa utepe niliomletea kwenye mfuko, alikataa.

"Hii ikiingia kwa deki yangu, vichwa vimekwisha. Fula, nilikuambia ungoje."

Nikalia, na nadhani hilo lilimtisha kwa sababu hakuwahi kunisikia nikitoa sauti yoyote kubwa. Akatoa deki yake kuukuu ambayo hakuijali sana. Tulichagua kipande kilichokuwa kizima kidogo, urefu wa mikono yangu miwili ikinyooshwa. Tukakifuta, tukakikausha, akakiunganisha ndani ya kasha tupu. Tukapata theluji kioo kizima. Kisha, kwa muda mfupi kama wa kupepesa macho mara mbili, tukaona kona ya hema na mbingu. Kisha deki ikakitafuna. Fundi hakunilaumu. Alichukua kibanio akaanza kutoa vipande kimoja kimoja, na mimi nikamshikia tochi.

Tangu siku hiyo imepita miezi minne na zaidi, na katika miezi hiyo nilipata nafasi nyingi za kukuambia. Kila ulipoomba tuitazame ile diski kwa jirani, ulinigusa mkono ukasema, "Wali wa mama unakuja." Ulianza kula wali taratibu. Halafu mwalimu wenu akawapa insha, ukaandika kwamba mama yako alipikia harusi nzima peke yake, na moshi ulimuuma macho lakini hakuacha. Ulipata alama nzuri, ukasomewa mbele ya shule. Ulikuja mbio kunionyesha. Nilisahihisha nukta mbili na herufi kubwa moja. Nekesa, nilisahihisha nukta.

Usiku huo Kukhu aliniambia maneno machache. "Baba yake alikuwa kwa harusi. Siku moja atamwambia. Utamwambia wewe kwanza, si mimi." Kisha baba yako akaja Desemba na mkewe, wakasema sasa wana nyumba na wanakutaka. Sikuwa na sababu ya kukataa. Wanakupenda, nimewaona. Nilichofikiria kwa aibu, walipokuwa wakizungumza na Kukhu, ni kwamba muda wangu wa kunyamaza umekwisha.

Kwa hiyo ukweli ni huu. Mama yako hakuwa jikoni. Hakupika wali ule. Alikaa kwenye mkeka, mbele ya kila mtu, na wewe mapajani. Alikuwa ndani ya picha tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi ndiye niliyemtoa, kwa sababu sehemu aliyokaa ilikuwa na uchafu na nilitaka kazi yangu isifiwe. Nilipojua, nikakudanganya, kwa sababu nilikuwa nasifiwa.

Huenda utakasirika. Una haki, na sikuombi uache haraka. Kukhu alishaniambia kwamba mimi nikiogopa watu nawafanyia maamuzi vichwani mwangu, kisha wanalipia wao. Naona ndivyo nilivyomfanyia Mjomba, na ndivyo nilivyokufanyia wewe. Nikikuomba jambo moja, ni kwamba ukiwa huko na kitu hakijakamilika, useme tu hakijakamilika. Hata kwa mama yako mpya. Hata kama anaonekana amechoka. Mimi bado najifunza kusema hivyo, na mwaka huu naingia Form Four.

Bado kuna jambo moja, nalo nililipata wiki iliyopita tu.

Nilikwenda kwa Fundi nikaitazama ile diski peke yangu. Safari hii niliitazama, sikuikagua. Nilitaka kuona kama kuna chochote chake kilichosalia, mkono, kitambaa, chochote. Sikuona kitu ambacho ningeweza kuapa ni chake. Lakini keki inapokaribia kukatwa, baba yako yuko pale, amesimama nyuma ya mikeka, kijana mwembamba mwenye shati jeupe. Kwaya inaimba kwa hiyo maneno hayasikiki. Watu wote wanatazama keki. Yeye ghafla anainama kidogo, anatazama chini, mahali ambapo picha yangu inakomea. Anasikiliza. Kuna mtu anamwambia kitu kutoka pale chini. Kisha anacheka, si kicheko cha heshima cha harusini. Anacheka mpaka anafunika mdomo kwa kiganja, anageuka pembeni, anarudi kutazama chini tena, anacheka upya.

Nimeisimamisha hapo mara nyingi. Sijui aliambiwa nini. Nilikuwa na miaka kumi siku hiyo na nilikuwa upande wa keki.

Diski imo ndani ya sanduku, katikati ya daftari lako la hesabu. Mkifika Kanduyi na mkiwa mmezoeana, mwekee baba yako, uisimamishe hapo, umuulize mama yako alikuwa amemwambia nini. Labda amesahau. Mpe nafasi akumbuke, usimharakishe. Muulize pia sauti yake ilikuwaje aliposema, kwa maana kila nilichokuwa nikikujibu kuhusu sauti yake sina hakika nacho tena. Nilikuwa nikikisia.

Akikuambia, niandikie. Si lazima barua iwe ndefu, na nukta ziweke popote. Dada yangu alikuwa mbele yangu kwenye kioo, na mimi nikatazama mistari. Sasa wewe ndiye utakayejua kabla yangu. Niandikie hata kama bado umenikasirikia.

Nafula